Sentensi za masharti katika Kiingereza: "would" huwekwa upande gani?

Sentensi ya masharti ina vishazi viwili: kimoja kinaweka sharti, kingine kinaeleza matokeo yake. Kiswahili hubeba sharti ndani ya kitenzi, kwa -ki-, -nge- au -ngali-. Kiingereza hutanguliza "if", kisha hucheza na nyakati za vitenzi, na hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza.

Chukua "Ningekuwa na pesa, ningenunua baiskeli." Hiyo -nge- imekaa pande zote mbili, na sikio la Mswahili linaridhika. Basi mtu akitafsiri huandika "If I would have money, I would buy a bicycle." Kiingereza sanifu kinataka "If I had money, I would buy a bicycle." Mwanafunzi ana haki ya kuuliza: mbona "had", nami nazungumzia leo? Ni kwamba umbo la wakati uliopita hapa linapima umbali kati ya maneno na hali halisi. Pesa sina. Ndiyo maana husemwa pia "If I were you", ingawa kwa kawaida "I" hufuatana na "was". Kuna ombi la heshima kama "If you would follow me, please", ambapo "would" huruhusiwa baada ya "if", lakini huko ni kumwomba mtu akubali.

Jambo linalowezekana halina taabu hiyo. "Mvua ikinyesha, tutabaki nyumbani" ni "If it rains, we will stay at home." Usiandike "if it will rain", hata kama mvua yenyewe ni ya kesho. Na kwa jambo la siku zote, wakati uliopo hutumika pande zote: "If you heat ice, it melts."

Majuto ya yaliyopita hurudi nyuma hatua moja zaidi. "Ningalijua, nisingalikuja" ni "If I had known, I would not have come." Shida ni kwamba siku hizi wengi tunasema -nge- hata mahali pa -ngali-. Mama akisema "Angesoma, angefaulu", muulize kwanza kama binti ameshafanya mtihani. Kama bado, ni "If she studied, she would pass." Kama umeshapita, ni "If she had studied, she would have passed."