Mtoto Halalamikii Jicho Lisiloona

Mwaka jana mama mmoja aliniletea binti yake wa miaka sita kwa sababu ya chokea. Chokea yenyewe ilikuwa imeanza kunywea, lakini mtoto akishakaa kwenye kiti changu huwa simwachi aondoke bila kumpima uwezo wa kuona. Nikamziba jicho la kushoto kwa kiganja. Akazisoma herufi mpaka mstari wa chini kabisa, haraka haraka kama anayekimbizwa. Nikahamishia kiganja upande wa pili. Akanyamaza. Kisha akaanza kupinda shingo ili achungulie pembeni ya mkono wangu, na kila nilipousogeza, naye akasogea.

"Acha mchezo, msomee daktari," mama akamwambia kwa ukali kidogo.

Hakuwa anacheza. Kwa jicho lile la kushoto alikuwa anaiona herufi kubwa ya juu tu, na hakuna aliyewahi kujua, hata yeye mwenyewe. Alikuwa anakimbia, anachora, anasoma vizuri darasani. Jicho la kulia lilikuwa linafanya kazi ya macho mawili.

Hii ndiyo hali wengi wanayoiita jicho vivu, na sisi tunaiita ambliopia. Jina la uvivu silipendi, kwa sababu jicho lenyewe mara nyingi halina kidonda wala ugonjwa. Shida iko kwenye ubongo. Kuona ni jambo ambalo mtoto hujifunza, kama anavyojifunza kusema. Jicho moja likileta picha safi na jingine likileta ukungu, ubongo huchagua lile safi na kulipuuza la pili. David Hubel na Torsten Wiesel, walioshiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walilionyesha hili kwa paka wachanga: jicho likifungwa katika wiki za mwanzo za maisha, hata likifunguliwa baadaye seli za ubongo haziliitikii tena. Paka mzima akifungwa jicho vivyo hivyo, hapati madhara hayo. Kwa binadamu, dirisha hilo la kujifunza kuona liko wazi zaidi mpaka kama miaka saba au minane. Baada ya hapo matibabu bado yanaweza kusaidia, ila kwa jasho zaidi na kwa matokeo yasiyo na uhakika.

Ndiyo maana nikisikia "atakua, yataisha" roho yangu huwa haitulii. Mtoto mchanga huona vizuri zaidi vitu vilivyo umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani uso wa anayemnyonyesha, na katika wiki za mwanzo macho yake yanaweza kupishana mara moja moja. Hilo halinitishi. Lakini makengeza yanayoendelea kuonekana baada ya miezi minne hayangojewi. Mengine hutibiwa kwa miwani tu, mengine kwa upasuaji, na yote yanataka kupimwa.

Cha kuogopwa zaidi ni weupe ndani ya mboni. Wakati mwingine mzazi huugundua kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa flashi: jicho moja linang'aa jekundu, jingine jeupe. Huenda ikawa ni pembe tu ya kamera. Huenda pia ikawa mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao, ambaye akiziba sana uoni hutakiwa kuondolewa katika wiki sita hadi nane za kwanza. Au ni retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano, na ambayo ikiwahiwa hutibika. Ukiona weupe huo, nenda siku hiyohiyo au kesho yake. Mtoto aliyezaliwa njiti naye anahitaji kuchunguzwa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, wiki chache tu baada ya kuzaliwa, hata kama macho yanaonekana mazuri.

Wazazi huniuliza kuhusu simu kabla hata hawajakaa. Kushika kitu karibu na uso kwa saa nyingi si kuzuri, iwe simu au kitabu, lakini swali ninalowarudishia ni hili: mtoto anakaa nje muda gani? Jicho huzaliwa na urefu wa takribani milimita 17 na kufikia kama 24 utu uzimani. Likirefuka kupita kiasi, picha huangukia mbele ya retina na mtoto haoni vya mbali. Mwanga wa mchana huonekana kuuzuia urefukaji huo. Mjini Guangzhou, China, shule ziliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo. Kwa mujibu wa matokeo yaliyotolewa mwaka 2015, baada ya miaka mitatu kama asilimia 30 yao walikuwa wamepata tatizo hilo, wakati kwa wenzao ambao hawakuongezewa muda ni karibu asilimia 40. Mimi huwaambia wazazi walenge saa mbili kwa siku. Kofia ruksa, kivuli ruksa.

Jingine ni matone. Mtoto mwenye mzio hufikicha macho kutwa, mzazi anampa matone yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu, yaliyomsaidia ndugu au jirani, wekundu unaisha, chupa inanunuliwa tena na tena. Wakati huo presha ya jicho inaweza kuwa inapanda bila maumivu yoyote. Nimewapima watoto waliopoteza uoni namna hiyo, na uoni unaoibwa na presha ya jicho haurudi. Tafadhali, usirudie dawa hizo bila kupimwa.

Yule binti tulimpa miwani kwanza, akaivaa kwa miezi kadhaa. Mama aliogopa kwamba itayazoesha macho vibaya. Nikamweleza kuwa miwani sahihi haiharibu jicho, inaliletea picha ambayo halijawahi kuipata. Kisha tukaongeza plasta juu ya jicho linaloona vizuri, lile la kulia, ili la kushoto lilazimike kufanya kazi, saa mbili kwa siku, imebandikwa kwenye ngozi yenyewe, maana ikibandikwa kwenye kioo cha miwani mtoto atachungulia. Wiki ya kwanza alilia. Ya pili mama akambunia kazi ya kutunga shanga kila plasta inapobandikwa, na kilio kikaisha.

Alipokuja mara ya mwisho alisoma mstari wa tano kwa jicho la kushoto. Mama alikuwa amemleta na mdogo wake wa miaka mitatu, kwa kuwa nilimwambia tatizo hili hufuata familia. Huyo hajui herufi, kwa hiyo nilimpa kadi ya picha aonyeshe kwa kidole: nyumba, duara, mraba. Nilipomziba jicho la kulia hakuusukuma mkono wangu. Nilipohamia la kushoto, hakuusukuma pia.