Stenlesi Nayo Hushika Kutu

Kwa miaka mingi wanunuzi wa vyuma wamekuwa wakiambiwa kwamba stenlesi haishiki kutu kamwe, na wengi huamini hivyo kwa sababu vijiko vyao havijawahi kuonyesha doa. Ukweli ni kwamba chuma hicho hulindwa na utando wa oksidi ya kromi (metali iliyochanganywa ndani yake), mwembamba kiasi cha kutoonekana kwa macho, ambao hujijenga upya kila unapokwaruzwa, mradi oksijeni ipo na kromi iliyomo ndani ya chuma haiko chini ya takriban asilimia 10.5.

Adui wa utando huo ni kloridi, iliyomo katika chumvi ya bahari. Kwenye reli za ngazi za nyumba zinazoelekea bahari, Mombasa au Unguja, hutangulia madoa ya rangi ya chai, kisha vishimo vidogo vinavyochimba ndani huku uso uliobaki uking'aa. Aina ya stenlesi iitwayo 316, yenye metali ya molibdeni ya asilimia 2 hadi 3, hustahimili zaidi kuliko aina ya kawaida iitwayo 304, lakini nayo huhitaji kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi.

Kinachotisha zaidi ni nyufa zinazozuka pale kloridi inapokutana na chuma kilichovutwa na mzigo. Mwaka 1985, mjini Uster, Uswisi, dari ya zege iliyoning'inizwa kwa fito za stenlesi juu ya bwawa la kuogelea ilianguka na kuua watu 12. Hewa yenye unyevu na misombo ya klorini kutoka maji ya bwawa ilikuwa imezipasua fito hizo juu ya dari, mahali ambapo waogeleaji hawakuweza kuziona.