Je, wajua kwa nini Daraja la Millennium liliyumba?

Tarehe 10 Juni 2000 jiji la London lilifungua daraja jipya la waenda kwa miguu juu ya Mto Thames. Makumi ya maelfu ya watu walimiminika, daraja likaanza kuyumba kushoto na kulia, watu wakashika reli. Tarehe 12 likafungwa.

Ulizia sababu kwenye vijiwe vya kahawa vya Ujiji, au popote pale, na jibu ni moja: watu walipiga hatua kwa pamoja kama askari wa gwaride. Jibu hili lina asili yake. Mwaka 1831, huko huko Uingereza, daraja la Broughton lilianguka askari wakilivuka kwa hatua moja, na tangu hapo vikosi huamriwa kuvunja mpigo vikifika darajani. Lakini askari hulipiga daraja kwenda chini, ilhali Millennium liliyumba ubavuni. Tena umati ule haukuwa na kamanda: wazee, watoto, wapiga picha, kila mtu na mwendo wake. Nani aliwalinganisha wakati daraja bado limetulia?

Ukitembea, mguu wa kushoto husukuma sakafu kidogo kuelekea kushoto, wa kulia kuelekea kulia. Katika umati, misukumo hiyo hufutana. Sasa mtazame abiria aliyesimama kwenye boti pale Kibirizi. Boti ikilala, hangoji kuambiwa: anatanua miguu na kukanyaga upande ili asianguke. Anajiokoa, ila kila anapojiweka sawa anaisukuma boti, na jirani yake anafanya vivyo hivyo kwa wakati wake mwenyewe. Darajani, uchunguzi uliochapishwa 2021 ulionyesha kuwa misukumo ya namna hii, kwa wastani, huongeza myumbo hata kama hatua hazilingani. Video za siku ile zinaonyesha wengi wakiyumba pamoja, ni kweli. Lakini kulingana huko kwaweza kuja baadaye, daraja likiwa tayari linacheza.

Linalostaajabisha zaidi ni kwamba daraja halitoi onyo. Wahandisi wa kampuni ya Arup waliwatembeza watu juu yake kwa majaribio, wakiongeza idadi kidogo kidogo. Kwa watu 156 lilitulia. Walipofika 166, myumbo ukapanda ghafla.

Kwa hiyo hakuna aliyefundishwa kutembea upya. Zilifungwa shokapu 37, pamoja na vizito takriban 50 vilivyokaa juu ya springi, vyote vya kumeza nguvu ya mtikisiko, na Februari 2002 watu wakaanza kuvuka tena.