Mzee anaposahau: mleteni angali anaweza kuamua mwenyewe

Kila Septemba, mwezi wa kampeni ya Alzheimer duniani, familia nyingi hufika kliniki na swali moja: mzee amerogwa, au ni uzee tu? Si hili wala lile. Ni ugonjwa wa ubongo. Daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliueleza mwaka 1906, na ndio chanzo cha visa 6 hadi 7 katika kila 10 vya dimensia, yaani hali ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri.

Tunajua mnampenda. Ila hoja ya "mbona wenzake wa shule anawakumbuka kwa majina" imetuchosha. Ugonjwa huanzia sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya; ya zamani hudumu miaka. Bi mkubwa atakusimulia harusi yake ya mwaka 1962 hatua kwa hatua, kisha kabla chai haijapoa akuulize mara tatu kama ameshameza dawa. Mambo kama hayo ndiyo tunayotaka kusikia: alianza lini kupotea njia aliyoizoea, kukosea chenji dukani, kuficha pesa na kushuku wajukuu.

Mkija, bebeni kitambulisho chake, hakikisheni amesajiliwa SHA (mamlaka ya bima ya afya ya serikali hapa Kenya), na leteni dawa zake zote, pamoja na za kununua dukani bila cheti. Nasema zote, katika mfuko mmoja. Vidonge vya mafua na mzio vinavyoleta usingizi huweza kuvuruga akili ya mzee. Kwa kawaida hupimwa sukari, tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende na VVU. Kama aliwahi kuanguka, huenda akapigwa picha ya kichwa, maana damu iliyovilia ndani ya fuvu hutibika. Alzheimer yenyewe haina dawa ya kuiondoa. Zipo za kupunguza makali kwa muda.

Kwa hivyo sababu kubwa ya kuja mapema si dawa, ni maamuzi. Nani atamtunza, shamba litakuwa la nani, pesa zitoke vipi: ayaseme mwenyewe akiwa bado na uwezo. Wengi hudhani mwana anayejua namba ya siri ya simu ya mama ndiye msimamizi wa mali. Sivyo. Hata hati ya uwakili (ya kumpa mtu mwingine mamlaka ya kutenda kwa niaba yake) aliyoitia sahihi akiwa mzima hukoma nguvu akishapoteza uwezo wa kuamua. Hapo, chini ya Sheria ya Afya ya Akili, Sura ya 248, itabidi kuomba mahakama imteue msimamizi, mkiambatisha ripoti ya daktari. Msimamizi huyo hauzi wala haweki shamba rehani bila ruhusa maalumu ya mahakama, na huwasilisha orodha ya mali na hesabu kwa mahakama na kwa Mdhamini wa Umma. Kikao cha familia hakitoshi, hata kama chifu alikuwepo na soda zikanywewa.

Kuhusu uchawi, nitasema wazi. Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa, na wengine wamekimbilia Kaya Godoma, kituo cha kuwahifadhi wazee kule Ganze. Mama anayetoka usiku akizunguka uani na kusema peke yake anahitaji daktari. Na kumwita mtu mchawi, nje ya kupeleka malalamiko kwa chifu, polisi au afisa wa utawala, ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, Sura ya 67.

Nyumbani, msibishane naye. Akimuulizia mumewe aliyefariki, usimzike upya kila siku. Muulize alikuwa mtu wa namna gani, ataongea na kutulia. Mvalisheni bangili yenye nambari ya simu ya nyumbani, na anayemlinda apumzishwe kwa zamu, si binti mmoja miaka yote.

Akipotea, msingoje saa 24. Hakuna sheria inayosema hivyo. Nendeni kituo cha polisi papo hapo na picha yake ya karibuni, semeni alivaa nini na anaugua nini, kisha msiondoke bila nambari ya OB, yaani ya ripoti yenu katika kitabu cha matukio cha kituo.