Html.toHtml kwenye Android inafanya nini hasa

Unatengeneza apu ya kuandika noti, mtu anaweka boldi, anapiga mstari chini, anapaka neno rangi nyekundu, anasevu, akifungua kesho anakuta maandishi matupu. Wengi wanadhani databesi ndo imekula, kumbe ni ile toString() uliyoita kwenye maandishi ya EditText (kile kisanduku cha kuandikia) kabla ya kusevu.

Iko hivi, kwenye Android boldi haimo ndani ya herufi, inakaa pembeni kama kitu kinachoitwa spani, ambacho kinasema tu "kuanzia namba hii mpaka namba hii weka boldi". Chukua "Karibu Mwanza" na Mwanza ndo ina boldi, hapo kuna herufi zako halafu kuna StyleSpan ya 7 mpaka 13, basi. toString() inabeba herufi tu, spani zinabaki nyuma.

Sasa Html.toHtml inapita kwenye hizo spani na kuziandika kama tegi za HTML (alama kama za kurasa za wavuti) ndani ya maandishi yenyewe, unapata <p dir="ltr">Karibu <b>Mwanza</b></p>, na hiyo ni String ya kawaida unaweza kuisevu popote au kuituma kwenye seva. Kurudi unatumia Html.fromHtml. Tangu Android 7.0 zote mbili zinataka na flagi (namba ya kuchagua namna ya kubadilisha), ile ya zamani isiyo na flagi inapigwa mstari kwenye Android Studio kuonyesha imepitwa na wakati, mi naona bora utumie HtmlCompat tu, klasi ya AndroidX inayofanya kazi hiyohiyo kwenye matoleo yote, uache kuandika if za matoleo.

Usitegemee kila kitu kitapita lakini. Boldi, italiki, linki na rangi zinapita, ila spani uliyoitunga mwenyewe inarukwa kimyakimya bila erori yoyote, na ndo maana ukimu-mention mtu kwa spani yako mwenyewe inapotea. Na ukikuta emoji 😀 imegeuka &#128512; kwenye databesi usishtuke, fromHtml itairudisha.

Kinachokera zaidi ni mistari mitupu inayobaki mwishoni ukirudisha, sababu ya ile <p>. Kwenye Kotlin ikate kwa trim() moja kwa moja kwenye matokeo ya fromHtml, ukianza na toString().trim() mistari itaondoka kweli ila na boldi nayo inaondoka.