Kijana mwenye mgongo wazi na mahusiano: aulizwe yeye

Malalamiko yanayotufikia siku hizi kitengoni yanatoka kwa vijana wenyewe wenye mgongo wazi, yaani waliozaliwa uti wa mgongo ukiwa haujafunga vizuri. Ni watu wazima, wana wachumba, wengine wameshafunga ndoa, lakini wakiingia kliniki swali linaelekezwa kwa mama. Na mama analijibu! Tukielekea Oktoba 25, Siku ya Mgongo Wazi na Kichwa Kikubwa Duniani, tumeona tuliseme hili hadharani.

Kupungua kwa hisia sehemu za chini hakumwondolei mtu hamu wala uzazi. Wanawake wengi wenye mgongo wazi hushika mimba kama wanawake wengine, kwa hiyo "mimi sizai" isigeuzwe kuwa njia ya uzazi wa mpango. Kwa wanaume hutegemea mahali uti wa mgongo ulipoathirika: wapo wasio na shida, wapo ambao uume husimama ukiguswa lakini haudumu, na wapo ambao manii hurudi kwenye kibofu. Sildenafili, dawa ya kusaidia uume kusimama, huwasaidia wengi, ila haichanganywi na dawa za moyo za jamii ya naitreti. Iandikwe na daktari, usiipokee kwa rafiki.

Suala la kondomu linahitaji utulivu kidogo. Nyingi hutengenezwa kwa lateksi, yaani mpira wa asili, na wenye mgongo wazi ni kati ya watu wanaopata mzio wa lateksi kwa wingi, kwa kuwa wamekutana na glovu na katheta (mirija ya kutolea mkojo) tangu upasuaji wa utotoni. Mzio huu huweza kuanza na muwasho, siku nyingine ukabana pumzi na kushusha shinikizo la damu. Ushauri ni kuikwepa lateksi hata kama haijawahi kukudhuru, na haijalishi nani kati yenu anaivaa. Tafuta zilizoandikwa poliyurethani au poliisoprini. Zile za utumbo wa kondoo hazina lateksi, lakini hazizuii VVU.

Mengine ni maandalizi tu. Toa mkojo kwa katheta kabla ya tendo, na uizingatie ratiba yako ya choo. Mkojo ukivuja umevuja, taulo lipo. Mwenzi aliyeambiwa mapema hashtuki. Baadaye kagua ngozi kwa kioo, hasa makalio na mapaja, kwani mahali pasipo na hisia mchubuko hautajitangaza.

Mnaopanga mtoto, mrija wa neva wa mtoto, ambao usipofunga huleta mgongo wazi, hufunga ndani ya siku 28 za mwanzo, wengi wakiwa hawajajua kama kuna mimba. Mmoja wenu akiwa na mgongo wazi, mama huandikiwa vitamini ya foliki asidi miligramu 4 au 5 kwa siku badala ya 0.4 ya kawaida, akianza walau mwezi mmoja kabla ya kutafuta mimba. Usifikie kiwango hicho kwa kumeza rundo la multivitamini. Vitamini A ikizidi humdhuru mtoto. Anayetumia valproeti kwa kifafa amwone daktari mapema, kwa sababu dawa hiyo huongeza hatari ya mgongo wazi kwa mtoto. Asiiache mwenyewe.

Sasa utaratibu wetu. Unapopanga miadi sema "afya ya uzazi", inatosha. Dirishani huulizwi zaidi. Anayekusukumia kiti huingia ukitaka na huombwa kutoka usipotaka. Maelezo huandikwa kwenye faili lako, na mzazi wa mgonjwa mtu mzima hasomewi bila ridhaa ya maandishi. Mtumishi anayevujisha siri hutakiwa kwanza kujieleza kwa maandishi, kisha hufikishwa kwenye kamati ya nidhamu, ambayo huweza kumpa onyo au kumsimamisha kazi. Wazazi wanaotuuliza nani ametupa ruhusa ya kuzungumza haya wasome Ibara ya 23 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, inayotambua haki ya kuoa, kuolewa na kuwa na familia.

Mlango huohuo uko wazi kwa anayelazimishwa, akiwemo anayelazimishwa na mtu anayemwogesha au kumbadilishia katheta. Hapo hatukuulizi kwa nini ulichelewa kusema. Tunaanza na usalama wako na uchunguzi, halafu tunakueleza, kabla hujasimulia lolote zaidi, ni yapi sheria inatutaka tuyaripoti.