Hongo au mkataba? Ufafanuzi kuhusu kusalimu amri kwa ngome ya Sveaborg, 1808

Kila Mei inapokaribia, dawati letu la elimu ya historia hupokea swali lilelile: kamanda wa ngome ya Sveaborg alihongwa shilingi ngapi ili asalimu amri kwa Warusi? Tunawaomba wasomaji wausome kwanza mkataba wenyewe.

Ngome hiyo, ambayo leo inaitwa Suomenlinna, ilianza kujengwa 1748 juu ya visiwa vilivyo mbele ya Helsinki, wakati Ufini ikiwa sehemu ya Uswidi. Warusi walivuka mpaka Februari 1808 na mapema Machi wakautwaa mji wa Helsinki. Ndani ya ngome walikuwamo askari wapatao 7,000 na mizinga zaidi ya 700. Lakini bahari ilikuwa imeganda, na hakuna meli inayopita juu ya barafu.

Tarehe 6 Aprili, kamanda wa ngome, Makamu Admirali Carl Olof Cronstedt, alikubaliana na Jenerali van Suchtelen wa Urusi. Hapa ndipo wengi hukosea. Siku ile ngome haikukabidhiwa. Mapigano yalisitishwa hadi 3 Mei, na visiwa vitatu wakapewa Warusi viwe rehani. Iwapo kufikia saa sita mchana ya siku hiyo meli tano kubwa za kivita za Uswidi zingekuwa zimeingia bandarini, ngome ingebaki mikononi mwa Waswidi. Kuingia, si kuonekana kwa mbali: meli iliyo nje ya bandari ilihesabiwa kuwa haijafika. Matarishi wawili walitumwa Stockholm. Walicheleweshwa njiani, saa ikafika, hakuna meli, na ngome ikakabidhiwa.

Kuna kifungu kingine ambacho hatuulizwi kamwe. Vyombo vya kikosi cha visiwani (jeshi la majini la Uswidi la kupigana kati ya visiwa) vilivyokuwa ngomeni vingerudishwa Uswidi baada ya amani, mradi Uingereza nayo iirudishie Denmark meli ilizozitwaa Copenhagen 1807. Uingereza haikurudisha.

Kuhusu hongo: tuhuma ni ya siku zilezile, ila hadi sasa haijathibitishwa, na taasisi haiwezi kuitangaza kuwa kweli kwa sababu tu imerudiwa sana. Cronstedt huyu ndiye aliyesifiwa kwa ushindi wa Waswidi dhidi ya Warusi katika vita vya majini vya Svensksund mwaka 1790. Ndani ya kuta alikuwa na wanawake na watoto pia. Uamuzi wake unaweza kulaumiwa, nasi tunaulaumu: muda ule aliukubali bila uhakika kwamba tarishi angefika. Uswidi ilimhesabu msaliti. Hakurudi huko, alifia Helsinki 1820.